Viatu Mlangoni kwa Mawakili

Chekeni sasa hivi, mkimaliza niwaeleze, maana hapa Temeke hakuna tena asiyejua kwamba mie ndiye niliyemzushia kifo wakili wa Kizungu naye amekaa ofisini kwake anakunywa chai, na aibu hiyo naikubali, ni yangu, sina pa kuificha. Ila habari mnayosimuliana bombani ni ya uongo. Sikupandwa na shetani. Sikumroga mtu. Nilivua viatu tu.

Chanzo ni marupurupu. Mume wangu Kasiani ni karani, mnamjua, mpole mpaka anakera, alikuwa anapiga taipu kwa wakili mmoja Mhindi kule mjini, na huyo Mhindi simsemi vibaya, alikuwa mtu mwema: chai ya saa nne na maandazi, sikukuu yao ikifika boksi la peremende na kitambaa cha kushona gauni, na kila mwaka kalenda yenye picha ya maua. Lakini maua hayatibu kikohozi. Roza wangu alikuwa na kifua tangu mvua zilipoanza, na kila nikimpeleka zahanati dresa ananimiminia dawa ile ile ya waridi, ya kifua ndiyo hiyo hiyo, ya tumbo ndiyo hiyo hiyo, nadhani hata ukivunjika mguu utainywa.

Na nyie wenyewe mnajua tunavyoshindanisha ofisi za waume zetu wakati ndoo zinajaa. Siku hiyo Mama Selemani alianza kujisifu kwamba mawakili vijana anaowafanyia kazi mumewe wametoa baiskeli. Bi Salma, ambaye mumewe ni tarishi kwenye ile ofisi kubwa ya Wazungu karibu na bandari, akamwangalia kama anamwangalia mtu aliyeokota kifungo.

"Baiskeli? Utaipanda wewe? Kwetu mtu akiumwa anatazamwa na daktari. Daktari, siyo dresa. Yeye, mkewe na watoto."

"Na likizo?" nikauliza.

"Mwezi mzima, mshahara unaingia, na tiketi ya treni ya nyumba nzima."

"Hata sie wa bara?"

"Hasa nyie wa bara, mwanangu. Sie tuitakie nini? Kwetu Kisiju, na treni haifiki Kisiju!" Wakacheka wote. "Na kota ya ofisi, chumba na sebule, choo chako peke yako. Na ukizeeka unapewa kiinua mgongo, hutolewi kama ganda la muwa."

Mie nimesimama mdomo wazi, maji yanafurika kwenye ndoo yananilowesha miguu, wala sisikii. Choo chako peke yako! Daktari, siyo dresa! Nilikuwa nimesoma darasani kwa masista habari za miji ya dhahabu, nikadhani ni hadithi za kututuliza, kumbe mmoja uko hapa hapa Dar es Salaam, karibu na bandari.

Basi ofisi hiyo ilipotafuta karani, na Kasiani akaitwa, kidogo nimbebe mgongoni nimpeleke mwenyewe. Sasa pale wana desturi yao: kabla ya kumkubali karani, mkewe anaitwa kwenye chai pamoja na wake wa wafanyakazi wengine, kwa sababu mzee mwenyewe wa ofisi anataka kuona watu watakaokaa kwenye kota zake ni watu gani. Bi Salma akaniambia tutakutana huko huko, anapitia kwanza kwa dada yake Ilala. "Ujiweke vizuri," akasema, "na umwombee mzee, maana juzi juzi alilazwa, kifua hicho hicho kama cha mwanao."

Nikajiweka vizuri. Nikavaa viatu vyangu vyeupe vya harusi, ambavyo tangu harusi vimetoka mara chache kuliko mwezi kupatwa, nikamfunga Roza mgongoni, nikaenda.

Hapa lazima niwaambie kitu. Nilipofika pwani kutoka Tabora, mara ya kwanza kuingia kwa Bi Salma nilikanyaga mkeka wake na viatu. Alinitolea macho! "Mama Roza, unapanda na viatu juu ya mkeka wa watu? Kwenu mnalala na ng'ombe?" Nilitamani ardhi inimeze. Nikajiapiza kwamba mtu wa pwani hatanisema tena kwa jambo hilo mpaka nazikwa.

Haya, nikapanda ngazi za ile ofisi. Kwenye benchi la nje wamekaa wateja, wanaume kama sita, mmoja mzee wa Mbagala kavaa makubazi makubwa kama mitumbwi. Nyuma yangu wake wengine wanapanda, wamependeza, wananukia. Nikasukuma mlango, nikasimama. Jamani. Zulia! Siyo kipande cha mbele ya kiti, zulia limetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, jekundu, nene kama mgongo wa kondoo. Juu feni inazunguka polepole bila kelele kama inaogopa kuwaamsha watu. Vitabu vya ngozi vimepanda mpaka darini, na ngazi ya kuvifikia. Pembeni, ndani ya chumba chenyewe, bomba la maji na beseni jeupe, na mie napanga foleni ya ndoo alfajiri! Kulikuwa na jagi la maji lenye barafu linatoa jasho mezani. Niliona haya hata kupumua humo ndani, nisije nikachafua hewa.

Nikatazama zulia, nikamkumbuka Bi Salma, nikavua viatu, nikavipanga nje pembeni mwa mlango.

Mke wa karani mmoja, aliyenifuata nyuma, akaninong'oneza, "Kumbe siku hizi tunavua?"

"Tunavua," nikamjibu, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa pale. (Shetani wangu ni huyo, sipendi kuonekana sijui.)

Wakavua. Wakavua wote. Na wale wateja wa benchi, kuona mabibi wa ofisi wanavua, nao wasionekane washamba wakavua, mzee wa Mbagala akaweka makubazi yake juu ya lundo. Tukaingia, tukakaa, chai ikaja na biskuti, Kasiani tayari yuko ndani ameketi kama mtoto wa komunio, na karani mkuu, Mgoa mwenye miwani, akasimama kuyataja masharti ya ofisi. Akayataja kama padri anavyosoma litania. Kota. Likizo. Treni. Daktari. Kiinua mgongo. Sanda, hata sanda ofisi inanunua! Kila neno linanipanda kichwani, natamani kuitikia "utuombee". Nilimwona Roza kesho yake anapumua vizuri, nikajiona nafunga mlango wa choo changu kwa ufunguo wangu.

"Hayo yote," akamalizia, "ni baada ya miezi sita ya majaribio."

Sikujua nimesimama. "Na mtoto akiumwa mwezi wa kwanza?"

"Mama, masharti ndiyo hayo."

"Ugonjwa nao umeyasikia hayo masharti?"

Kasiani akanikanyaga chini ya meza ninyamaze, na kiatu chake kikatua juu ya vidole vitupu. Nikapiga yowe. Akainama kuangalia, akainuka macho yamemtoka. "Viatu viko wapi?"

Kabla sijamjibu tukasikia sauti kwenye ngazi.

"Uuuwi! Uuuwi! Mzee wetu jamani! Katutoka!"

Bi Salma huyo. Amefika, amechelewa, anapanda ngazi anahema, anainua macho anaona lundo la viatu vya kike na vya kiume mlangoni, na nyie niambieni, mtu wa pwani akiona lundo la viatu mlangoni mwa mtu aliyetoka hospitali juzi, atafikiri kuna harusi? Akajitanda khanga kichwani, akaketi pale pale kwenye ngazi, akalia kwa sauti ambayo nina hakika meli zilizotia nanga ziliisikia. Muuza kahawa aliyekuwa chini akaacha birika lake akapanda. Wapita njia wakapanda. Wateja wakashika vichwa, na mzee wa Mbagala akalia kuliko wote: "Na kesi yangu ya minazi ataimaliza nani?"

Kule ndani hatujui amekufa nani. Lakini msiba hauulizwi, ukikuta watu wanalia unalia kwanza, maswali baadaye. Wale wake wenzangu wakajitanda, wakaanza. Na mie nililia, siwafichi, nikidhani Bi Salma kafiwa na dada yake wa Ilala. Mgoa anapiga kelele, "Nini? Nini?" na hakuna wa kumjibu, dereva wa ofisi kishachomoka na motokaa kumfuata daktari.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Akatoka mzee mwenyewe, mrefu, mweupe kama chaki, kikombe cha chai mkononi.

Kilio kikakatika kama mtu amekifyeka. Bi Salma kasimama mlangoni, khanga bado kichwani.

"Nani nakufa?" mzee akauliza.

Sasa Kasiani, kwa wakili wake wa zamani alikuwa pia mkalimani, na mkalimani swali likikaa hewani bila jibu anaumwa. "Ni wewe, bwana," akasema.

"Mimi?"

"Ndiyo, bwana. Hawa wamekuja kwenye msiba wako."

Mzee akatazama watu, akatazama kikombe chake. "Mimi hapana kufa," akasema. "Mimi nakunywa chai."

"Astaghafirullahi," akasema Bi Salma, akaanza kurudi nyuma.

Na hapo hapo daktari akaingia anatweta na mkoba wake, "Yuko wapi? Yuko wapi?" Mzee akawa mwekundu kuliko zulia. Akataka kujua nani kaanzisha, Bi Salma akaonyesha lundo la viatu. Enyi watu, sijawahi kuona vidole vingi namna ile vikinyooshwa kwa mtu mmoja, na kimoja cha mume wangu!

"Ni mie," nikasema. Nimeshaharibikiwa, niogope nini? "Nilivua viatu kwa sababu zulia lako, bwana, ni zuri kuliko kitanda changu, na nilionywa kwamba kitu cha watu hakikanyagwi. Hao wengine wamenifuata. Basi."

Nilikuwa na mengine ya kusema, hasira ilikuwa imenijaa mpaka kooni, lakini Roza akaanza kukohoa. Kile kikohozi chake kirefu, kinachomkunja mpaka uso unakuwa wa majivu. Chumba kizima kikamsikiliza. Hata feni nikaisikia.

Mzee akamgeukia daktari. "Wewe nakuja tayari," akasema. "Tazama toto hii."

"Lakini bwana," Mgoa akaanza, "ile miezi sita..."

Mzee akamtazama tu. Mgoa akavua miwani akaanza kuifuta.

Daktari akapiga magoti juu ya lile zulia. Na viatu vyake! Akamwekea Roza kile chuma baridi kifuani, akasikiliza mbele, akasikiliza nyuma, uso ukabadilika. Akasema mapafu yameshikwa, na nimechelewa, na kama ningechelewa zaidi... Hakumaliza, wala sikutaka amalize. Niliuona mlango wangu hapa Temeke, na viatu vyenu vimepangwa nje. Tukapelekwa hospitali kwa motokaa ya ofisi, motokaa, mie na Roza, na wiki iliyofuata mtoto analala mdomo umefungwa, anapumua kwa pua.

Lakini subirini, aibu haijaisha. Wale waombolezaji waliposikia maiti anakunywa chai walikimbia kila mtu na viatu alivyovikuta, na vyangu vyeupe vya harusi havijaonekana mpaka leo. Kilichobaki ni makubazi ya mzee wa Mbagala. Ndiyo mliyoniona nayo, siku nilipotoka hospitali natembea na Kasiani kupitia Keko, chwapu, chwapu, na nyie mmejipanga vibarazani.

"Wamenichukua," Kasiani akasema tulipofika bombani.

"Na kota?"

"Baada ya miezi sita."

"Na daktari?"

"Mama Roza, si nimekwambia? Miezi sita."

Basi fundisho langu ndilo hilo, liandikeni: ukifika kwa watu, kabla hujatazama zulia tazama miguu ya wenyeji. Na nimeapa mbele ya Bi Salma (ambaye hata hivyo hanisemeshi) kwamba pale ofisini sivui tena viatu, hata wakitandaza hariri. Isipokuwa Roza akiumwa tena kabla ya hiyo miezi yao kwisha. Hapo nitayapanga makubazi haya mlangoni kwao mchana kweupe, na nyie wote mje mvue, mlie.