Ng'ombe wa Ukutani

Mpaka leo nikipita ukuta ule damu hunichemka. Klabu yetu ya mpira, hapa Chake Chake, iliniita mimi, mchora vibao vya maduka, nichore picha ya kuwatia hofu wageni: ng'ombe wa mchezo, dume ambalo vijana wa Pemba hulichokoza na kulikwepa mbele ya watu, akiupiga mpira kwa pembe, nyuma yake mji wetu na mikarafuu. Katibu akaniuliza kama nawajua ng'ombe wa mchezo. Nikamjibu kwamba sikosi mchezo hata mmoja. Uongo mtupu! Mimi naogopa hata ndama.

Nikaenda Wawi kutafuta ng'ombe wa kumtazama. Mzee Faki akanifungia wake kwenye mnazi, akawa ananichekea siku tatu nzima. Nami nikadhani ni ukarimu! Mungu anamwona mzee yule. Nikamchora ng'ombe kama alivyo, na baka lake jeupe usoni na sikio lililochanika. Ukutani nikatundika shuka, nikakataza mtu kuchungulia.

Siku ya mechi na timu ya Mkoani, katibu akaivuta shuka. Wageni wakaangua kicheko, na wenyeji wakainamisha vichwa. Nikawaka.

"Mnacheka nini? Ng'ombe mnawajua nyinyi? Mimi sikosi mchezo hata mmoja!"

Bi Time, muuza vitumbua, akausogelea ukuta, akaligusa lile sikio.

"Ndiye hasa, mwanangu. Mchezo uliopita alimkimbia mchezaji, akaja kujificha jikoni kwangu. Sikio hili lilichanwa na komeo la mlango wangu, watu wote wakitazama. Wewe siku hiyo ulikuwa wapi?"