Tima Sita, Shiraa Moja

Mwaka wa 1918, mvua ilipokataa na serikali ikaanza kugawa mahindi pale forodhani Lamu, Tima wa mtaa wa Langoni hakuona haya hata chembe. Alizaliwa mtumwa nyumbani kwa Bi Radhiya. Tangu awe huru alisuka mikeka akajilisha. Njaa ilipofika, alisema ana njaa.

Wenye haya walikuwa mabibi wa Mkomani, mtaa wa wakubwa. Amri ilikuwa kali: hapewi mtu ila aje mwenyewe, ataje jina lake. Nao mabibi hawakutoka ila ndani ya shiraa, lile hema la nguo lililobebwa kwa miti na vijakazi, na vijakazi sasa walikuwa huru. Basi wakajifungia na njaa yao. Upuuzi mtupu, ukiniuliza mimi!

Siku ya mwisho ya mgao, Tima alipita kwa Bi Radhiya akakuta chungu kinatokota. Akafunua. Maji matupu! Mjukuu, Umi, amelala kando, hana hata nguvu za kulia.

"Siendi," Bi Radhiya alisema. "Watu watasemaye?"

"Iko wapi shiraa?" Tima aling'aka.

Alizunguka nyumba za jirani akakusanya mabibi wanne wengine. "Mimi nimetukua miti ya kutosha begani mwangu," akawaambia. "Leo miti mutatukua wenyewe!"

Loo, safari ile! Hema lilikwenda upande, likagonga kuta, punda wakatimua mbio, na ndani mabibi walicheka kama wasichana.

Karani, mgeni kutoka Mombasa, aliuliza jina.

"Tima," akajibu Tima, akapewa pishi yake ya mahindi.

"Na wewe?"

"Tima," ikajibu sauti ya pili kutoka ndani ya nguo. Na ya tatu. Na ya nne. Na ya tano.

"Tima wangapi?"

"Mui huu wa Lamu una Tima wengi, Bwana!" Tima akamjibu. Watu wote wakacheka, asiwepo wa kumfichua mtu.

Akabaki Bi Radhiya. Karani alidhani wamekwisha, akaanza kufunga gunia, na Tima akamkumbuka mtoto. Umi je?

"Tima," ikasema sauti nyembamba.

Karani akajaza pishi, akaita kwa nguvu: "Tima!"

Miaka ishirini Bi Radhiya ndiye aliyeita jina hilo hivyo, na kijakazi wake akaja mbio akiitika. Sasa mkono wa Bi Radhiya ulitoka chini ya nguo kupokea.

"Labeka," akaitika.