Hesabu ya Ngamia wa Kabale

Tuseme ukweli kwanza, kabla hatujaanza kumhurumia: Lorna Nakaale alijua. Asije mtu hapa kumtetea kwamba alikosea kwa kutojua. Mtoto wa Kiturkana, aliyekua akifungia mbuzi wa babake zizini, anajua vizuri kwamba mifugo ya mtu haihesabiwi, maana ni kuiitia balaa, na mwenyewe haulizwi ni wangapi. Ukiuliza utajibiwa "wapo", na hapo unyamaze.

Lorna ni mama wa mtaa wa Kiwanjani, miaka arobaini na mbili, Mama Vincent kwa majirani. Miaka sita alimenya viazi na karoti katika jiko la hoteli moja mjini. Kila asubuhi mboga zilishushwa kutoka kwa lori la mbali, zimenyauka, ilhali kule kando ya mto, mwendo wa nusu saa kwa miguu, wakulima walikuwa wanalisha ng'ombe sukuma wiki kwa kukosa wanunuzi. Jambo hilo lilimkera mpaka akaacha kazi. Akafungua kikundi cha WhatsApp, akakiita Shamba la Jirani. Nani ana nyanya, nani ana mayai, nani ana asali ya Oldonyiro, na njia ya kufika ni ipi. Jumamosi alitembea na wanunuzi mpaka shambani, walimu na manesi na askari, akiwaonyesha mkulima mwenyewe na mtaro wake wa maji. Mwanzoni walimcheka kwamba amekuwa mwongoza watalii wa sukuma wiki. Baada ya mwaka mmoja kikundi kilikuwa na watu mia nne, na kicheko kikaisha.

Aliyependwa kuliko wote katika orodha hiyo ni Kabale, au Mama Zeinab, mama wa Kiborana mwenye ngamia nje kidogo ya mji. Maziwa yake hayakuwahi kuonja tone la maji. Nyumba thelathini hivi za Kiwanjani zilimtegemea, na Lorna ndiye aliyezileta kwake, moja moja, akijisifu kila mara kama ngamia ni wake.

Sasa akaja mjini mtaalamu fulani wa masoko na semina yake ya siku mbili. Akasema mteja wa siku hizi anataka kujua kila kitu: picha, mahali, idadi. Wengine waliandika, wakala chakula cha mchana, wakasahau. Lorna aliyameza maneno hayo mazima. Akapima mashamba kwa hatua, akahesabu kuku wa watu, kisha akafika kwa Kabale na daftari, akauliza ngamia ni wangapi.

"Wapo, Mama Vincent," Kabale akasema. "Mungu anawajua."

Hapo mtu mwenye adabu anafunga daftari. Lorna alirudi kesho yake mapema, akasimama karibu na mlango wa boma wakati ngamia wanatoka kwenda malishoni, mkono mmoja mfukoni, akikunja kidole kwa kila ngamia aliyepita. Na kwa nini mkono uwe mfukoni? Mtu hafichi kitu anachoamini ni sawa. Siku hiyo hiyo akaandikia kikundi: Kabale, ngamia ishirini na tatu, na njia ya kufika kwake.

Haikuchukua siku mbili idadi ikawa inatajwa sokoni. Watu ambao Kabale hakuwajua walimuuliza kama hao ishirini na tatu ni wake wote. Wiki hiyo hiyo ngamia mmoja akatupa mimba. Mimi siwezi kuapa kwamba ni hesabu iliyoitoa. Ngamia hutupa mimba hata pasipo semina. Lakini Kabale alipiga simu, na hakugomba. Alisema, "Toa jina langu," akakata.

Lorna akalitoa, na maziwa yakakatika. Nyumba zikaanza kuuliza. Badala ya kusema alichofanya, akawaandikia kwamba ngamia wamepelekwa mbali kutafuta malisho. Watu wakamjibu pole, Mungu atafungua njia. Kila pole ilimchoma, maana ilikuwa pole ya uwongo wake mwenyewe.

Mamake, Akaale, aliyekuwa akiishi naye, alipata habari kwa majirani. Alimuuliza kwa Kiturkana kama kweli amehesabu mifugo ya watu. Lorna akakubali.

"Baba yako tulimzika," mamake akasema, "na hata mimi hakuwahi kuniambia mbuzi wake ni wangapi."

Kisha akageuza kiti, akampa mgongo. Lorna aliona aibu ambayo hakuwa ameiona tangu utotoni. Akachukua simu, akakieleza kikundi ukweli wote, kisha akashika njia ya kwenda kwa Kabale.

"Salaam aleikum, Mama Zeinab."

"Aleikum salaam. Keti."

Lorna hakuzunguka. Alisema alihesabu, alijua ni vibaya, na alifanya hivyo ili orodha yake ipendeze.

"Nilikuona," Kabale akasema. "Ulisimama pale, mdomo unacheza. Binti yangu Zeinab akaniambia, mama, huyo anahesabu. Nikamgombeza. Nikamwambia huyo ni mtoto wa wafugaji, hawezi kutufanyia hivyo. Nilimgombeza mtoto wangu kwa sababu yako."

Lorna alitazama chini.

"Watu wa Kiwanjani hawana makosa," Kabale akaendelea. "Kuanzia kesho Zeinab atawapelekea maziwa nyumbani kwao. Wape namba yake. Lakini wewe usikuje kwa boma tena."

"Nimesikia, Mama Zeinab."

"Ngoja chai. Wewe ni mgeni."

Kabale akachochea moto, akapika, akamimina, akampa kikombe kwa mikono miwili. Jerikeni mbili za maziwa ya asubuhi zilikuwa hapo ukutani, zimejaa mpaka shingoni. Chai ilikuwa strungi, nyeusi tii. Katika nyumba ya ngamia mgeni hapewi strungi ila maziwa yakiwa yameisha, na hakuna mfugaji asiyejua hilo. Lorna akainywa yote ikiwa moto, akasema asante, akarudisha kikombe.