Sauti ya Fundi Tayari

Mama Pacha alikuwa na kazi mbili. Siku nyingi za wiki alishona sare za shule nyumbani kwake, kwenye cherehani ya miguu iliyokaa karibu na dirisha. Jumanne alivaa gauni lake la kutokea, akajifunga kilemba, akapanda ngazi za jengo moja lenye duka la rangi chini, na kuingia kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani. Humo alifanya sauti za watu wasio na majina.

Alianza kwa bahati tu. Alikwenda kuwashonea mapazia wenye chumba hicho, akamgombeza fundi wa dirisha aliyempa vipimo vya uongo, na binti mmoja aliyekuwa upande wa pili wa ukuta akatoka mbio kumwuliza, "Mama, unaweza kusema hivyo tena?" Binti huyo ndiye aliyekuwa mtayarishaji wa katuni. Alikuwa rika la mapacha wa Mama Pacha, lakini kila mtu alimwita Bosi.

Ile katuni ilionyeshwa kwenye televisheni kila Ijumaa saa moja jioni. Ilikuwa na wakubwa wake: baba, mama, watoto watatu na paka mwenye kiburi, wote wa ghorofa ya tatu. Hao walikuwa na waigizaji wao, watu wa kupigwa picha magazetini. Lakini anayekohoa kwenye foleni, mwenye duka anayelalamikia mgongo, kitoto kinacholia ghorofa ya pili, hata kuku aliyepotea njia akaingia kwenye lifti, wote walikuwa Mama Pacha. Kwenye karatasi waliandikwa Jirani wa Kwanza, Jirani wa Pili, Mama Mwenye Ndoo. Kabla ya kuanza alifumba macho kidogo, akamwomba Mungu asimwache amchanganye kuku na mwenye duka.

Basi siku moja karatasi ilisema hivi: fundi anapita, anasema "tayari", anaondoka. Mama Pacha akafungua kinywa, na aliyetoka hakuwa fundi wa kwenye karatasi. Alitoka mume wake.

Baba Pacha alikuwa fundi wa redio na pasi, mwenye kibanda chake pembeni mwa nyumba. Hakuweza kusema neno la kazi bila kwanza kuvuta pumzi puani kwa nguvu na kuguna mara mbili. Kisha alikigeuza kitu chini juu, akasema, "Hii si kitu. Hii dakika tano." Kazi yake ilikuwa nzuri, tena nzuri sana. Tatizo lilikuwa hizo dakika zake, maana moja iliweza kuchukua wiki.

Mle chumbani watu walicheka mpaka Bosi akakaa chini sakafuni. Tangu siku hiyo fundi yule akapewa jina, Fundi Tayari, na kila Ijumaa alipata nafasi yake fupi. Alitengeneza kengele, taa zikazima. Alitengeneza taa, bomba likaanza kupiga kengele. Watoto wa mtaani wakawa wanavuta pumzi puani na kuambiana "dakika tano".

Mumewe hakujua. Mama Pacha alimwambia kwamba anafanya sauti za wanawake na watoto, na hakudanganya. Aliukata ukweli mahali palipomfaa, kama anavyokata kitambaa. Lakini kila aliposali, jambo hilo lilimrudia. Mtu ametafuta jina lake kwa miaka thelathini kwenye kibanda chenye joto, halafu anachekwa na mji mzima, na anayemchekesha ni mke wake mwenyewe! Siku akijua, atamtazama kwa jicho gani?

Lililomtesa zaidi ni kwamba Baba Pacha alimpenda mno Fundi Tayari. Alifunga kibanda mapema Ijumaa ili asimkose. "Ni kaka mtupu huyu!" alisema akijifuta machozi. "Wameniwekea kaka yangu kwenye televisheni!"

Kaka yake mkubwa alikuwa fundi wa baiskeli, mtu asiyezungusha maneno. Ijumaa moja Baba Pacha akamwita, akamkalisha kwenye kiti kizuri.

"Kaka, leo utajiona."

"Nijione wapi? Mimi nimekuja kunywa chai."

Fundi Tayari akatokea. Akavuta pumzi, akaguna, akashika kengele ya mlango, na lifti ikaanguka na paka ndani. Baba Pacha akampiga kaka yake kofi la gotini. "Si nilikwambia? Wewe mtupu!"

Kaka hakucheka. Alimtazama mdogo wake, akaitazama televisheni, akamrudia mdogo wake.

"Mimi tangu lini naguna?"

"Unaguna sana, kaka. Hujisikii tu."

"Na hizo dakika tano ni zangu? Redio yangu iko kwako tangu mvua za mwaka juzi. Uliniambia itachukua muda gani?"

Baba Pacha akavuta pumzi puani, akaguna mara mbili. "Ile si kitu, ile daki..."

Neno likamkatikia mdomoni. Kaka akageuka taratibu. "Shemeji, si wewe unayefanya sauti huko?"

Mama Pacha alikuwa amesimama na trei ya vikombe. "Nafanya wanawake," akasema. "Na watoto. Na kuku." Akaitua trei mezani. "Na fundi."

Baba Pacha hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliinuka, akasema anakwenda kuangalia kama kibanda kimefungwa, na alikuwa amekifunga mwenyewe.

Tangu hapo alizungumza kama tangazo la ukutani. Haguni, havuti pumzi. "Pasi yako itaangaliwa." "Chakula kimetosha, asante." Mama mmoja alileta pasi, akaambiwa wazi kwamba itachukua siku nane. "Siku nane, kwani nimeleta gari?" akasema, akaibeba akaondoka nayo. Mteja mwingine alimnong'oneza Mama Pacha dirishani, "Mzee anaumwa? Mbona ananijibu kistaarabu?"

Mama Pacha akamwomba msamaha mezani.

"Sijakasirika," akajibu mumewe.

"Kwa hiyo umefurahi?"

"Nimefurahi." Na uso wake ulikuwa baridi kama zile pasi alizozipanga kwenye rafu.

Jumanne iliyofuata Mama Pacha akamwambia Bosi, "Mwanangu, Fundi Tayari mtafutie mtu mwingine."

"Mama! Huyo ndiye watu wanayemngojea!"

"Najua. Na nyumbani kuna mmoja ninayemngojea mimi. Niachie kuku wangu na kitoto, wananitosha."

Lakini katuni huchorwa polepole. Sauti ya leo husikika baada ya wiki nyingi, na zile alizokwisha kuziweka zilikuwa bado hazijaisha. Kwa hiyo kila Ijumaa Fundi Tayari aliendelea kuja sebuleni, akaguna vilevile, na kila alipokuja Baba Pacha alikumbuka ghafla shughuli ya nje. Mama Pacha alibaki peke yake na sauti ya mume wake, huku mwenyewe yuko uani anahesabu mawingu. Alisali. Hakuomba makubwa, aliomba mtu wake arudi kusema ovyo.

Wiki ya saba Baba Pacha alipitia sebuleni kuchukua kikombe chake cha chai, na hapo hapo Fundi Tayari akaingia na sauti mpya. Walikuwa wamempa nafasi hiyo bwana mmoja wa kutangaza kwenye magari ya vipaza sauti.

"Habari zenu, wapenzi wateja!" ikanguruma televisheni. "Tatizo hili nitalimaliza mara moja!"

Baba Pacha akasimama na kikombe mkononi. "Nani huyu?"

"Fundi Tayari."

"Huyu? Huyu kashika bisibisi lini? Fundi gani anawasalimia watu kabla hajakitazama kitu? Na 'mara moja' ndiyo nini? Ukimwambia mteja mara moja, kesho akija utajificha wapi? Dakika tano ina nafasi ndani yake, mtu anaelewa!"

Mama Pacha akauma mdomo. Ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyoyasikia kwake kwa muda wa wiki saba.

"Yule wa kwanza umemwacha kwa nini?"

"Kwa ajili yako, baba."

"Kwa ajili yangu ndiyo umempa mtu asiyejua hata kuguna?" Akakaa kwenye kiti. Akasema polepole, "Walikuwa wananicheka."

"Walikuwa wanakucheka," akasema mkewe. Safari hii hakuukata ukweli. "Na mimi nakucheka tangu ulipokuja kuposa kwetu ukatengeneza kitasa cha mlango wetu, tukalazimika kutokea dirishani. Nilicheka, halafu nikakubali."

Baba Pacha akatazama ndani ya kikombe, akapiga funda. Mabega yakaanza kumtikisika, mwisho kicheko kikamtoka puani pamoja na chai.

"Waambie umerudi," akasema alipopata pumzi. "Lakini yule fundi atengeneze kitu kimoja kipone. Kimoja tu! Fundi hawezi kuharibu vitu maisha yake yote, si haki."

Bosi alipoambiwa sharti hilo akajikuna kichwa, akacheka, akaandika.

Siku ilipofika, Fundi Tayari alivuta pumzi, akaguna mara mbili, akaitengeneza lifti, na lifti ikapona kabisa. Wakazi wa jengo zima wakajipanga mbele yake, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie, hakuna aliyethubutu kuingia. Mwisho akaingia yule kuku, akapanda mpaka juu, akashuka salama.

Sebuleni Baba Pacha hakucheka hata kidogo. Aliutazama mlango wa ile lifti ukifunguka na kujifunga, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umeona kazi?" akamwambia mkewe. "Safi."