Marehemu Damari na Nyanya Zake

Ili umjue Damari, ulipaswa kumwona msibani. Alikuwa Mngoni aliyeolewa kwetu Uheheni, na Mngoni na Mhehe ni watani. Kwa hiyo sisi tulipolia, yeye alikuwa na haki ya kutuchekesha, na haki hiyo aliitumia bila huruma. Siku nyingine zote alikuwa mjane mpole anayeuza nyanya kando ya barabara pale Ilula, na watoto wake walikula kwa nyanya hizo.

Mwaka 1957 alifariki mzee Timotheo Kalinga, kwa uzee tu, maana alizeeka mpaka tukadhani amesahau kufa. Jeneza lilipofika barabarani, Damari akajitupa chini mbele yake, macho juu, ulimi nje.

"Hapiti mtu! Mhehe huyu akienda, nani atanibebea mizigo? Nizikeni naye!"

Basi la Iringa lilikuwa limesimama kuupisha msiba. Ndani alikuwamo Joachim, kijana wa gazeti, mgeni kutoka Dar es Salaam, aliyetumwa kutafuta habari za ndui. Akatoa kichwa dirishani, akauliza yule mama ana nini.

"Huyo Damari? Amekufa," akajibu mmoja wa wachukuzi wa jeneza, uso mkavu. Kwetu mtani akijilaza, humharibii mchezo wake.

Joachim hata hakushuka. Wiki iliyofuata Othmani, mwenye mkahawa, akatusomea gazeti kwa sauti: NDUI YAANGUSHA WATU BARABARANI ILULA. Jina la Damari lilikuwamo, amekufa. Tulicheka hadi chai ikapoa. Marehemu mwenyewe alicheka kutushinda sote, akadai asomewe tena.

Kicheko kilikwisha mabasi yalipoanza kutupita madirisha yamefungwa. Nyanya zikaoza. Othmani alijaribu kumweleza dereva mmoja kwamba Ilula hakuna ndui, akajibiwa, "Wewe unajua kuliko gazeti?" Hasira niliyoipata siku ile sijaimaliza mpaka leo.

Damari akadandia lori mpaka Iringa, akaulizia ofisi ya gazeti, akamkuta Joachim mezani kwake.

"Mwanangu, nifufue."

Kijana alimtambua, akaruka nyuma ya kiti. Alipoelezwa habari ya utani akajishika kichwa. "Nisamehe, mama. Lakini nikiandika kwamba sikushuka kwenye basi, watanifukuza kazi."

"Andika unavyojua. Watoto wangu hawali magazeti."

Akaandika anavyojua: ugonjwa umekwisha Ilula, na mama aliyedhaniwa kufa amepona kabisa.

Mabasi yakasimama tena, mengi kuliko zamani. Abiria walishuka wakiuliza alitumia dawa gani. Damari naye, utani umemjaa mpaka kwenye mifupa, akaonyesha tenga. "Hizi hapa." Siku hiyo haikubaki hata nyanya iliyopasuka. Jioni watoto wake walikula nyama, na mimi nililetewa mchuzi. Siukani, ulikuwa mtamu.

Kesho yake akashuka binti mmoja, Apolonia, ametoka Igowole na mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa anachemka homa, upele umemjaa usoni.

"Shikamoo, mama. Nimefuata zile nyanya."

"Marahaba. Si umepita Iringa? Mbona hukuingia hospitali?"

"Ya nini, mama, na dawa iko huku?"

Damari akamgusa mtoto paji la uso. Sikuwahi kumwona hana utani usoni, nikaogopa.

"Binti yangu, mimi sikuugua. Nilikuwa nacheza msibani. Mpeleke mtoto hospitali."

"Lakini gazeti limeandika."

Damari akageuka, akawapigia kelele abiria wote: amedanganya, nyanya ni mboga tu, hazijaponya mtu! Wakacheka. "Mngoni huyu kwa utani!" wakasema. "Anataka kutuficha dawa yake." Apolonia akawa bado amenyoosha mkono, anangoja apewe.

Damari akalipindua tenga lote barabarani, akazikanyaga nyanya kwa miguu yake miwili mpaka ya mwisho. Kisha akampokea yule mtoto, akamfunga mgongoni kwake.

"Haya, dawa imekwisha," akasema. "Twende hospitali."