Kete za Kijani

Kwa miaka arobaini na sita, hakuna mtu aliyecheza rangi ya kijani nyumbani kwa Safinah, pale Kawempe. Ubao wao wa ludo ulikuwa wa plaiwudi, umefunikwa kioo, na aliyeupaka rangi kwa mkono alikuwa kaka yake, Abdul-Latif, akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Mwaka ule wa vita, 1979, Wanubi kama wao walipokuwa wakiyahama makazi yao kwa hofu ya kisasi, lori la mjomba lilipiga honi mchezo ukiwa katikati. Palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, na mvulana mkubwa ndiye aliyekuwa hatarini zaidi. Alikuwa bado anatafuta sita ya kutolea kete yake ya kwanza ya kijani. Akainuka, akawaambia wadogo zake, "Msiziguse kete zangu. Nikirudi ni zamu yangu." Lori likashika njia ya Arua, na tangu hapo hapakuja barua wala salamu.

Mama yao aliligeuza neno hilo kuwa sheria ya nyumba. Watoto walizaliwa, wakakua, wakacheza watu watatu tu. Zamu ya kijani ilipofika walinyamaza kidogo, kisha wakaendelea. Mama alipofariki, sheria ikabaki kwa Safinah. Alasiri nyingine, akisuka ukili uani, alisikia dadu ikitikiswa kikombeni huko sebuleni. Akienda hukuta ubao peke yake. Hakumwambia mtu.

Ijumaa moja mdogo wake, Dawudi, alimjia na ombi ambalo Safinah alikwisha kulikataa mara mbili: ukoo ulitaka kumsomea Abdul-Latif hitima, kama marehemu wengine, lakini bila ridhaa ya dada mtu wasingethubutu. Safinah alijibu kwamba mtu hasomewi hitima huku zamu yake ikimngoja.

Walikuwa bado wanabishana alipoingia Loice, jirani mgeni kutoka Kenya, muuza nyanya wa Kalerwe, mvua imemfukuza sokoni. Alipouona ubao mezani akaketi upande wa kijani, akamtania Dawudi kwamba wanaume wa mtaa huu hushindwa hata kabla ya kuketi, akatikisa kikombe. Dadu ikatua sita.

Dawudi alimshika mkono, akamweleza kwa sauti ya chini. Loice akakiweka kikombe, akaomba radhi.

Safinah aliitazama ile dadu. Alingoja ile sauti aliyoizoea alasiri. Alingoja mtu alalamike kwamba ameibiwa zamu. Ilisikika mvua tu juu ya mabati.

"Dada," Dawudi akasema, "angekuwepo mahali popote, kwa hili angekuja kugomba. Unamjua."

"Namjua."

Akaishika kete moja ya kijani, akaitoa nje mwenyewe, polepole, kama anayemvusha mtoto barabara.

"Liandike jina lake, umpelekee sheikh."

"Jina lake nalijua, dada."

"Liandike pamoja na la mama. Huko aliko wasije wakawa Abdul-Latif wawili, wetu akaachwa tena."

Dawudi akatoa simu, akaandika. Loice, asiyejua kama aondoke au abaki, aliuliza nani arushe, maana sita huleta mrusho wa pili.

"Rusha wewe," Safinah akasema.

Dadu ilipogonga kioo, Safinah alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, asione imetua ngapi.