Mji Ambao Watoto Hawalii

Mwanangu, kuna siku moja naikumbuka na bado inaniuma. Nilikuwa Form Two, naishi Kaptembwo na kukhu, mama ya mama yangu, aliyenilea. Nilikuwa nimeazima kitabu cha hadithi ya miaka ijayo, jalada limeng'oka. Ndani, msafiri anaingia mji wa vioo. Wee! Barabara zinajiosha zenyewe. Hakuna njaa, hakuna mlevi, kazi yako inapangwa ukizaliwa. Watoto wanalelewa na serikali kwenye kumbi nyeupe, kila mmoja na namba yake, na hakuna anayelia. Akianza tu, anatiwa tone la dawa mdomoni, kimya. Msafiri alishangaa, nami nikashangaa naye mpaka maharagwe yakaungua jikoni.

Kukhu alirudi kutoka Kiamunyi alikoenda kufulia watu nguo. Hakugomba. Nikamsimulia mji wote, kisha mdomo ukanitoroka: "Heri ningelelewa huko kuliko hapa na wewe."

Akaketi polepole. "Huyo msafiri alikaa siku ngapi?"

"Mbili."

"Alilala kwa nani?"

"Nyumba ya wageni."

"Aha. Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Sasa wewe msomi, jina lako lilitoka wapi?"

Sikujua.

"Ulizaliwa ukalia siku tatu. Ziwa ukakataa. Tukakuzunguka, tukaita majina ya wafu wetu, mmoja mmoja. Nilipotaja Nekesa, dada yangu, ukanyamaza, ukanyonya. Huko kwenu kwa vioo wangekutia tone. Dada yangu angerudi kupitia wapi?"

Mji wa vioo ni ajabu, sikatai. Lakini watu wazima, wamechoka, wamejaa kwenye chumba cha mabati, wanambembeleza mtoto mchanga achague jina lake? Hiyo ndiyo ajabu. Na mimi mjinga nilikuwa nimeitukana. Huyo msafiri nikimpata leo, atanieleza vizuri kwa nini hakuuliza majina ya watoto wale.

Kukhu alituacha mwaka jana. Ulipozaliwa ulilia vivyo hivyo, huna homa, huna chochote. Jirani akaniletea dawa ya kukulaza. Nilimfungia mlango! Nikaanza kuita majina. Nilipofika Nafula, jina la kukhu, ukanyamaza. Mimi ndiye niliyelia.

Basi sikia. Kitu kizuri kishangae, sikukatazi. Lakini ukisikia pakisifiwa mahali pasipo na kilio, uliza kwanza kilio kimepelekwa wapi. Na usimdharau aliyekusikiliza ukilia.

Mungu akukuze, Nafula wangu. Ulie ukitaka, na asikosekane wa kukuita kwa jina.